Rafiki yangu mcheshi alifariki, na sasa hata vichekesho vyake vinanitoroka

"Rafiki yangu alifariki miezi tisa iliyopita baada ya kuugua. Tulikuwa pamoja tangu utotoni. Alikuwa mtu wa watu, mcheshi wa kuvunja mbavu, na mkono wake ulikuwa wazi hadi sisi wenzake tulikuwa tukimkemea. Nilipopoteza kazi alinilipia kodi ya nyumba kwa miezi kadhaa. Kila nilipotaka kumrudishia alinigeuzia mzaha mpaka nikanyamaza. Sikuwahi kumlipa.

Familia yake imeniomba nizungumze siku ya kumkumbuka, atakapotimiza mwaka. Kila ninapokaa kuandika, vichekesho vyake vinakufa kwenye karatasi. Tena naona nasahau. Kuna kisa tulichokuwa tukikisimulia pamoja, yeye anaanza, mimi namalizia. Juzi nilishindwa kabisa kukumbuka katikati palitokea nini. Sauti yake siisikii tena kichwani. Ninazo jumbe zake za sauti kwenye simu ila sithubutu kuzifungua, na usiku mwingine namwandikia kwenye namba yake ileile.

Siku ya mazishi nilikumbuka jambo alilowahi kusema, nikacheka. Ndugu yake mmoja alinitazama kwa jicho baya, na mpaka leo najiuliza kama nilimvunjia heshima marehemu. Nyumbani naambiwa, 'Hakuwa hata ndugu yako wa damu, miezi yote hii bado tu?' Je, nina tatizo? Na siku hiyo niseme nini?"

Pole sana, ndugu yangu. Naanza na neno hilo kwa makusudi, maana katika barua yako yote sikuona mahali ambapo kuna mtu alikupa pole wewe. Pole zilikwenda kwa familia yake, na ni haki yao. Wewe umepewa kazi ya kuzungumza, ukapewa na jicho baya, kisha nyumbani ukaulizwa mbona hujamaliza.

Umeniuliza mambo mengi kwa pamoja: kusahau, kicheko, deni, hotuba, na kama uko sawa. Naomba nianze na lile ulilolitaja kwa haraka kuliko yote, la kwamba hakuwa ndugu yako. Wataalamu wa mambo ya msiba wanalijua vizuri. Mwaka 1989 Mmarekani Kenneth Doka aliandika juu ya huzuni isiyotambuliwa, yaani mtu amefiwa kweli lakini waliomzunguka hawamhesabu miongoni mwa wafiwa. Marafiki wamo katika kundi hilo tangu zamani. Kazini hupewi siku za mapumziko kwa sababu ya rafiki, na wageni wanaokuja kutoa rambirambi wanakupita wakielekea kwa familia. Lakini udugu wa damu unatusaidia kujua nani arithi na nani atie saini hospitalini. Haupimi nani ameumia. Kinachopima ni nafasi aliyokuwa nayo marehemu katika siku zako za kawaida. Ikiwa ndiye uliyekuwa ukimtafuta kwanza jambo linapotokea, liwe la furaha au la aibu, basi kila jambo linalotokea sasa linakufikisha mlangoni pake upya. Ndiyo maana bado.

Nadhani swali la "bado tu?" limechangiwa pia na zile hatua tano ambazo karibu kila mtu amezisikia: kukataa kuamini, hasira, kutaka kujadiliana na majaaliwa, huzuni nzito, halafu kukubali. Watu wanazitumia kama ratiba, na ukichelewa kufika mwisho wanaona umekwama. Daktari Elisabeth Kübler-Ross alizieleza mwaka 1969 kutokana na mazungumzo na wagonjwa waliokuwa wakikikabili kifo chao wenyewe. Zilihusu anayeondoka, kisha zikahamishiwa kwa anayebaki, na waliobaki hawaendi kwa mpangilio huo. Ninachokiona mara nyingi zaidi kinalingana na maelezo ya Margaret Stroebe na Henk Schut, watafiti waliofanya kazi Uholanzi, ya mwaka 1999. Wanasema mfiwa huenda na kurudi. Kuna saa anaukabili msiba wenyewe, analia, anatazama picha. Kuna saa anaupa mgongo, anafanya kazi, anagombana na fundi, anacheka. Kwenda na kurudi huko ndiko kunakomwezesha mtu kustahimili, kwa kuwa hakuna anayeweza kukaa upande mmoja siku zote.

Hapo tayari nimegusa kicheko chako cha mazishini. Hukumvunjia heshima mtu. Watafiti George Bonanno na Dacher Keltner walichapisha mwaka 1997 utafiti juu ya watu waliofiwa na wenzi wao miezi kama sita kabla. Waliwatazama nyuso wakati wakimzungumzia marehemu. Waliocheka kicheko cha kweli, kile kinachokunja pembe za macho, walikuwa na dhiki ndogo kuliko ambao hawakucheka. Sitaki kukuuzia hilo kama dawa, kwa sababu inawezekana pia kwamba walio na nafuu ndio wanaoweza kucheka. Lakini linatosha kuondoa dhana kwamba anayecheka hana uchungu. Yule ndugu yake naye msamehe. Saa ile wewe ulikuwa umerudi kidogo upande wa uhai, yeye alikuwa upande wa pili, na macho yenu yakakutana. Na hebu fikiri: rafiki uliyenieleza, angekuwepo pale, angekaa upande wa nani?

Kabla sijaendelea, kuna jambo hukuuliza ila naona litakufikia, kama bado halijakufikia. Mtu mcheshi akifa, watu hupenda kusema kwamba kumbe alikuwa akificha machungu. Kwa wengine ni kweli. Kwa wengi ni namna tu ya kuufanya ucheshi uonekane kuwa jambo zito linalostahili kuzungumziwa msibani. Kama hukuwahi kuona dalili hiyo, na ulimjua tangu utotoni, usikubali wamgeuzie furaha yake kuwa barakoa. Kuchekesha ni kipaji, na kipaji hakihitaji jeraha nyuma yake.

Sasa tuje kwenye kusahau, ambako naona ndiko hofu yako kubwa iliko.

Kile kisa mlichokuwa mkikisimulia wawili ni mfano wa jambo ambalo mwanasaikolojia Daniel Wegner na wenzake walilieleza miaka ya 1980. Watu walio karibu kwa muda mrefu hugawana kazi ya kukumbuka bila kupanga. Mmoja anashika majina na tarehe, mwingine anashika nani alisema nini. Kila mmoja anajua mwenzake anakumbuka nini, kwa hiyo hajisumbui kukishika. Mnakuwa kama watu wawili waliobeba kabati zito ngazini: mmoja akiachia, mwenzake habaki na nusu yake mikononi, kabati zima linamponyoka. Kwa hiyo ulichopoteza juzi hukukipoteza kwa uzembe. Katikati ya kile kisa palikuwa pake. Hukuwahi kupahifadhi kwa sababu hukuwahi kuhitaji, alikuwapo yeye. Wafiwa wengi hulieleza hili kwa kusema wanahisi wamepoteza sehemu ya maisha yao wenyewe, na wana haki ya kusema hivyo. Kuna mambo ya ujana wako ambayo shahidi wake alikuwa mmoja tu.

Kuhusu sauti, hapo nina habari njema kidogo. Kuikumbuka sauti kwa kuiita kichwani, na kuitambua sauti ukiisikia, ni kazi mbili tofauti. Ya kwanza ni ngumu kwa binadamu wengi hata kwa watu walio hai. Jaribu sasa hivi kuiita kichwani sauti ya mtu unayemwona kila wiki, uone ilivyo hafifu. Ya pili ni imara mno, sekunde mbili zinatosha. Kwa hiyo huko kutoisikia sauti yake usiku si ushahidi kwamba imefutika. Siku utakayozifungua zile jumbe utaijua kabla hajamaliza neno la kwanza.

Kuna jambo moja ambalo ningependa ulizingatie hasa kwa sababu umepewa hotuba. Mwaka 1994 watafiti wa kumbukumbu Michael Anderson, Robert Bjork na Elizabeth Bjork walionyesha kwamba kukumbuka baadhi ya mambo ya kundi moja mara kwa mara huyadhoofisha mengine ya kundi hilohilo ambayo hayakuguswa. Tafsiri yake msibani ni hii: tukimsimulia marehemu kwa visa vitatu vilevile kila tunapokutana, visa hivyo vinanona na mengine yote aliyokuwa nayo yanafifia. Na hata hivyo vitatu havibaki salama. Mwanasaikolojia Mwingereza Frederic Bartlett alikwisha kuonyesha mwaka 1932 kwamba hadithi ikirudiwarudiwa hufupishwa, na vipande vyake visivyo vya kawaida hukunjwa vifanane na mambo tuliyoyazoea. Mtu wa ajabu anakuwa mtu mwema wa kawaida. Ndivyo marehemu wetu wanavyogeuka malaika wote wanaofanana, na wewe unayemkumbuka alivyokuwa hasa unajiona mpweke ukumbini hata wakati anasifiwa.

Kwa hiyo naomba ufanye jambo moja kwa utaratibu huu, na utaratibu ndio muhimu. Kwanza andika peke yako, kabla hujamuuliza mtu yeyote. Ukisikia kwanza visa vya wengine, kumbukumbu zao zitachanganyika na zako na hutaweza tena kuzitenganisha. Usiandike hadithi kamili, andika vipande: jina alilokuwa akikuita, namna alivyokuwa akiingia chumbani, nani alikuwa akimwiga, jambo lililokuwa likimkera, alivyokuwa akikasirika, uongo mdogo aliokuwa akiupenda. Weka na kasoro. Kile ulichoniandikia, kwamba mlikuwa mkimkemea kwa kutoa kupita kiasi, kina uzito kuliko sifa kumi.

Kisha watafute watu waliomjua mahali tofauti na wewe, mmoja mmoja, si kwa pamoja. Ukiwaita pamoja, atakayeanza kuongea ndiye atakayewaamulia wengine wakumbuke nini. Na usiwaulize "unamkumbuka vipi?" kwa kuwa watakujibu kwamba alikuwa mtu mzuri. Uliza swali lenye ncha: mara ya mwisho alikuchekesha kwa lipi? Aliwahi kukuudhi? Alikusaidia nini ambacho hukumwambia mtu? Swali hilo la mwisho, jiandae. Watu wanaotoa kama yeye hutoa kimyakimya, na kila aliyepokea hudhani alikuwa peke yake. Utakuta wapo wengi wenye kitu kama chako. Na pengine, kwa bahati, utamkuta aliyewahi kumsikia akikisimulia kile kisa chenu, ukarudishiwa katikati yake. Usipompata, itabidi ukubali kwamba kile kimeondoka naye. Sitakufariji kwa kukwambia kila kitu kinaweza kupatikana.

Ukiwasikiliza watu hao utafanya pia jambo jingine bila kukusudia: utajipatia wasikilizaji. Kwa miezi tisa hakuna aliyekuuliza habari za rafiki yako. Kumbukumbu isiyo na msikilizaji hudhoofika, na huzuni isiyotambuliwa haina wasikilizaji. Ndiyo maana nilianza na habari ya udugu wa damu.

Kumwandikia kwenye namba yake si kichaa. Zamani wataalamu wengi, wakifuata mawazo ya Sigmund Freud ya mwaka 1917, waliamini kwamba mfiwa hupona kwa kukata uhusiano na aliyekufa na kuhamisha mapenzi yake kwingine. Tangu miaka ya 1990, hasa baada ya kazi ya Dennis Klass, Phyllis Silverman na Steven Nickman ya mwaka 1996, wengi wetu tunakubali kwamba uhusiano huendelea kwa sura nyingine, na watu wazima wenye akili timamu huongea na wafu wao kila siku. Tahadhari yangu ni ya kawaida kabisa: kampuni za simu, namba ikikaa bila kutumika kwa muda, huigawa kwa mteja mwingine. Siku moja unaweza kujibiwa na mtu usiyemjua, na nimeona jinsi jibu kama "nani mwenzangu?" linavyomrudisha mtu nyuma. Hamishia maandishi hayo kwenye daftari.

Zile jumbe za sauti, leo hii, kabla hujamaliza kunisoma kama unaweza, zitolee nakala. Si lazima uzisikilize. Mpe simu mtu unayemwamini azihifadhi mahali pawili tofauti, kwa sababu simu huibwa, huanguka majini na huharibika, na majuto ya kuzipoteza hayana dawa. Baada ya hapo hakuna haraka. Ukiwa tayari, sikiliza moja fupi, mchana, ukiwa na mtu, ikiwezekana ile unayojua ni ya upuuzi tu. Utalia, na pengine utacheka katikati ya kilio. Kinachofaa kuchunguza ni kile kinachofuata: kama baada ya saa moja au mbili umerudi kwenye shughuli zako, umefanya vema, rudia siku nyingine. Kama inakulaza siku nzima, ziache kwanza. Wapo pia wanaozisikiliza kila usiku hadi alfajiri na hawawezi kulala bila hizo. Huko nako ni kukwama, ingawa kunafanana na mapenzi.

Nifike kwenye kodi ya nyumba.

Tofautisha mkopo na zawadi. Kama aliwahi kutamka kwamba alikukopesha, au kama mliandikiana, basi hilo ni deni halisi na sasa ni mali ya warithi wake. Waambie, panga nao namna ya kulipa, na usisubiri wakugundue. Lakini kwa ulivyonieleza alikuwa akikataa, na akikataa kwa mzaha, mara zote. Hiyo ni zawadi, na zawadi haigeuki deni kwa sababu mtoaji amekufa. Ukitaka kuisaidia familia yake kwa jambo wanalolihitaji, fanya hivyo kwa jina la kuisaidia. Usiwapelekee fedha ukisema unalipa deni lake, kwa kuwa utawaachia maswali ambayo yeye hakutaka yaulizwe.

Kwa nini basi hatia haiondoki? Nimeona kwa wafiwa wengi kwamba hatia, pamoja na ukali wake, ina faida moja ya siri: inauweka uhusiano wazi. Anayedaiwa bado ana shughuli na mwenye kumdai. Ukikubali kwamba hudaiwi kitu, unabaki na ukweli mgumu zaidi, kwamba umepewa, umepokea, na aliyetoa hayupo. Hilo linauma kuliko deni, lakini ni la kweli.

Na sasa tazama tena hicho alichokuwa akikifanya. Ulikuwa umepoteza kazi. Mtu aliyepoteza kazi na kulipiwa nyumba na rafiki wa rika lake anaona haya, hata kama hasemi. Kila ulipoleta habari ya kulipa ulikuwa unaileta haya hiyo mezani, naye kila mara aliifukuza kwa mzaha. Umeniandikia ucheshi wake na ukarimu wake kana kwamba vilikuwa vitu viwili. Mimi nikisoma barua yako naona kitu kimoja. Alikuwa akitoa, halafu akichekesha ili aliyepokea asijione mdogo. Si kila mkarimu anajua kufanya hivyo. Wengi wetu tunatoa kwa uso mzito na mpokeaji anabaki na mzigo.

Hiyo ndiyo hotuba yako. Umekuwa ukiitafuta kwenye vichekesho, na vichekesho vinakufa kwenye karatasi kwa sababu inayoeleweka. Mtafiti Robert Provine, aliyechunguza kicheko kwa miaka mingi, aliona kwamba watu hucheka takriban mara 30 zaidi wakiwa na wenzao kuliko wakiwa peke yao, na kwamba maneno mengi yanayotangulia kicheko si vichekesho kabisa. Ni maneno ya kawaida yaliyosemwa na mtu fulani, kwa sauti fulani, mbele ya watu fulani. Rafiki yako hakuwa na ghala la vichekesho. Alikuwa na namna ya kuwa nanyi. Kwa hiyo usijaribu kumwigiza wala kurudia maneno yake ukitegemea ukumbi ucheke. Simulia hali: tulikuwa wapi, nani alikuwa amenuna, mimi nilikuwa na aibu gani, ndipo yeye akasema. Mkishafika pale pamoja na wasikilizaji, neno lake hata likiwa dogo litafanya kazi. Lisipofanya, umeshaeleza alivyokuwa, na hilo ndilo uliloombwa.

Nitarudi kwenye hotuba baada ya kujibu kama una tatizo, kwa sababu sitaki uliruke hilo.

Kwa uliyonieleza, sioni ugonjwa. Naona huzuni kubwa ambayo haikupewa nafasi. Lakini barua si uchunguzi, na kuna mambo hukuyataja. Ipo hali inayoitwa huzuni ya muda mrefu, ambayo Shirika la Afya Duniani limeiingiza katika orodha yake mpya ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022, na kigezo chake cha muda ni kuanzia miezi sita. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani wa mwaka huohuo unataka ipite miezi 12 kwa mtu mzima. Unaona wenyewe kwa wenyewe hawajakubaliana kuhusu kalenda, kwa hiyo usijipime kwa kuhesabu miezi peke yake. Jipime kwa haya: je, kumtamani au kumwaza kunakushika karibu kila siku, kwa nguvu ileile ya mwanzo, kiasi kwamba kazi, watoto, usafi wako vimekushinda? Je, unakwepa kila kitu kinachomhusu, au kinyume chake, huwezi kufanya kingine? Unaona maisha hayana maana bila yeye, au kwamba sehemu yako imekufa na haitarudi? Umeanza kutumia pombe au vidonge ili ulale? Kama majibu ni ndiyo, na yamekaa hivyo kwa miezi, nenda ukaonane ana kwa ana na daktari, mwanasaikolojia au mshauri nasaha aliyesomea mambo ya msiba. Yapo mazungumzo ya tiba yaliyotengenezwa mahsusi kwa hali hiyo na yanasaidia. Dawa za sonona zinaweza kupunguza dalili za sonona kama nayo ipo, lakini utafiti wa Katherine Shear na wenzake uliochapishwa mwaka 2016 haukuonyesha kwamba zinaiondoa huzuni yenyewe.

Na kama kuna wakati umewaza afadhali umfuate, hilo halisubiri miadi. Mwambie mtu aliye karibu leo, usikae peke yako, nenda hospitali iliyo karibu. Vilevile maumivu ya kifua au pumzi kukata yakaguliwe na daktari, usiyaite huzuni kabla hajakuona.

Kama hakuna lolote kati ya haya, huhitaji tiba. Wafiwa wengi hupata nafuu bila mtaalamu, wakiwa na watu wawili watatu wanaowasikiliza. Anza na yule wa nyumbani. Huenda hajui anachokifanya. Mwambie tu, "Sihitaji unitulize, nataka nikuhadithie habari zake."

Sasa hotuba. Dakika tano zinatosha, na kwa mtu mwenye uchungu dakika tano ni nyingi. Chagua kisa kimoja cha kuchekesha ambacho familia yake wanaweza kukisikia mbele ya wageni. Kama hujui, msomee mmoja wao kabla. Ningekushauri awe yuleyule aliyekutazama vibaya. Akicheka, umepata ruhusa na pengine umempata rafiki. Akikuomba ukiache, kiache, una vingine. Kisha simulia ile kodi, kama huoni vibaya watu wakijua. Hiyo ni siri yako, unaweza kuitoa. Siri za wengine waliosaidiwa, utakazokuwa umezikusanya, usizitaje majina hata moja. Sema tu kwamba wapo, nao walioko ukumbini watajijua. Eleza ulivyotaka kumlipa na alivyokujibu. Usiongeze maelezo kuhusu ukarimu baada ya hapo.

Andika kwa herufi kubwa, katika karatasi na si kwenye simu. Mpe mtu mmoja nakala ya pili, akae mstari wa mbele, akijua kwamba ukimtazama anapanda na kuendelea kusoma pale ulipoishia. Wengi wakishajua mtu huyo yupo hawamhitaji. Ukimhitaji pia hakuna aibu.